Mtoto Akitoka Mlangoni, Yu Mikononi mwa Nani?

Katika simu yangu mna picha mbili ambazo mwezi huu nimezitazama zaidi kuliko picha zote za harusi nilizotumiwa. Ya kwanza imetoka London, kwa binti yangu aliyeolewa huko. Ndani yake mjukuu wangu wa miaka saba amesimama juu ya skuta, ile ya magurudumu madogo ambayo mtoto huisukuma kwa mguu mmoja. Mkoba uko mgongoni, helmeti ya samawati kichwani, na hatua chache nyuma mamake anamfuata kwa miguu. Wanakwenda shule.

Ya pili niliipiga mwenyewe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlangoni mwa nyumba ya mwanangu huko Kisauni ninakokaa siku hizi. Mna pikipiki moja na watu watano. Mdogo wao, mtoto wa jirani ambaye hajatimiza miaka mitano, amekalia tangi la petroli mbele ya mwendeshaji, na vidole vyake amevibandika katikati ya usukani. Nyuma wamebanana watatu: mjukuu wangu wa kiume wa miaka tisa, msichana wa nyumba ya pili, na mwisho kabisa, juu ya chuma cha kufungia mizigo, mjukuu wangu wa kike wa miaka saba, ameikunja mitandio yake ubavuni isinaswe na gurudumu. Helmeti ni moja. Haikuvaliwa na yeyote. Ilikuwa imening'inia kwenye mkono wa kijana mwendeshaji kama kikapu cha sokoni. Nao pia wanakwenda shule.

Siku niliyopiga picha hiyo nilimwuliza mke wa mwanangu, "Mwanangu, kijana huyu aitwa nani?" Akafungua simu yake akanionyesha nambari. Palikuwa pameandikwa: Boda Shule. "Hiyo ni kazi yake," nikamwambia, "nauliza jina." Akainamisha uso kwa haya. "Baba, wallahi silijui. Sisi twamwita Boda tu." Kijana huyo alikuwa akiwachukua watoto wetu kwa mwaka mzima na muhula mmoja.

Wasomaji wapenzi, sikuandika haya ili kumsema mke wa mwanangu. Nilipokwenda kuuliza nyumba za jirani, hali ilikuwa hiyo hiyo. Mmoja alimjua kwa jina la utani, mwingine alijua kwamba "ni kijana wa upande wa Mtopanga". Hakuna aliyejua kwao, wala jina la babake, wala kama ana leseni. Ilhali watu hao hao, ukitaka kumchukua kuku wao mmoja kwa siku mbili, watataka kujua wewe ni nani na kuku anakwenda wapi.

Wala nisije nikaambiwa kuwa mzee analia juu ya kila kitu kipya. Mtoto kupakiwa hakukuanza jana. Nilipokuwa mdogo Kibokoni katika miaka ya 1960, alikuwako mwalimu mmoja mwenye Vespa, na kila asubuhi mwanawe alisimama mbele, kati ya magoti ya babake na usukani, akituangalia sisi watembea kwa miguu kama liwali anayepita na gari. Vespa, ambayo kwa Kitaliano maana yake ni nyigu, ilianza kutengenezwa na kampuni ya Piaggio huko Pontedera mwaka 1946. Ilipofika mwambao huu, na Unguja zaidi, ilipokelewa kama mtu wa nyumbani, kwani sakafu yake ni bapa na injini yake imefunikwa. Mwenye kanzu aliweza kuipanda, na mwanamke wa buibui aliweza kuketi upande bila kuhofia nguo yake. Mwaka 1948 kampuni hiyo ikatoa kigari cha magurudumu matatu ikakiita Ape, yaani nyuki, na huyo nyuki ndiye bibi yake tuktuk hizi zinazotujalia barabara za Mombasa.

Wakati huo helmeti hatukuijua, na sisemi kuwa mtoto yule wa mwalimu alikuwa salama. Lau Vespa ingegonga mtaro angeruka yeye kwanza. Lakini tazameni tofauti: alipakiwa na babake. Aliyeshika usukani na aliyekuwa akimpenda walikuwa mtu mmoja.

Sisi wengine tulikwenda kwa miguu, alfajiri chuoni na juzuu kwapani, kisha nyumbani kwa chai, kisha shule. Hatukuwa peke yetu. Kila kundi lilikuwa na msichana mmoja mkubwa ambaye ndiye aliyekuwa serikali; akisema simameni, mnasimama, na asiyesimama alishtakiwa kwa mamake kabla ya adhuhuri. Njiani kulikuwa na baraza, na barazani wazee na buli la kahawa. Wale hawakuajiriwa na mtu kutulinda. Lakini mtoto akipita peke yake huulizwa, "Wenzio wako wapi? Wewe si mtoto wa fulani?" Njia ilikuwa na macho, na macho yale yalijua majina. Mama alipotufungulia mlango hakuwa ametuachilia. Alikuwa ametukabidhi kwa mtaa, na mtaa ulikuwa umepokea, hata kama hakuna aliyetamka neno.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka kulisema. Katika mila zetu kuna kukodi na kuna kuweka amana. Ukimkodi hamali akupelekee gunia, umenunua nguvu zake. Akilifikisha unamlipa, mmemalizana. Ukimwachia mtu amana, hukununua chochote. Umemtazama usoni, umelitaja jina lake, naye amesema, "Nimeipokea." Siku hizi tunamkodi kijana wa pikipiki kama hamali, kwa bei ya hamali, tena tunaisumbua bei hiyo mpaka ishuke, kisha nyoyoni mwetu tunajiambia kwamba tumeweka amana. Kijana mwenyewe hana habari kuwa amewekewa amana. Yeye anajua amepata mzigo wa asubuhi.

Niliyajua haya vizuri kwa sababu ya mguu wa mjukuu wangu. Siku moja jioni alikuwa akinisomea kitabu chake, nikaona amekaa vibaya, ameukunja mguu mmoja chini ya nguo. Nilipomwambia aunyooshe akakataa. Alipounyoosha nikaona jeraha kwenye shavu la mguu, refu kama kidole changu, limeanza kutoa maji. Limeungua kwa bomba la moshi la pikipiki. Lilikuwa na siku tano. Kila siku alikuwa akivaa soksi ndefu juu yake, kwenda na kurudi. "Mbona hukumwambia mama?" Akajibu, "Babu, akijua atamwacha Boda, na mimi nitachelewa shule nipigwe na mwalimu." Kaka yake alijua, na yule mdogo wa tangini alijua. Boda mwenyewe alijua pia. Alimnunulia peremende akamwambia asilie.

Nilikasirika, sikuficha. Kesho yake nikatoka mapema nikamngoja kijana mlangoni nikiwa na maneno yangu tayari. Alizima injini, akashuka, akaniamkia shikamoo kwa adabu. Umri wake hauzidi miaka ishirini na minne. Nikamwambia niliyokuwa nayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, kosa la mguu ni langu, naomba radhi. Lakini hili la kuwapakia wanne, naomba unifanyie hesabu wewe uliyesoma."

Tukaifanya hesabu hapo hapo. Kila mtoto hulipiwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mwezi una siku 22 hivi za shule, kwenda na kurudi, ambazo ni safari 44. Gawanya: ni shilingi 34 kwa safari moja. Kutoka kwetu hadi shule ni karibu kilomita sita, kuvuka Daraja la Nyali na kuingia kisiwani, katikati ya matatu na malori, saa ambayo watu wote wa Kisauni wanataka kupita pale pale. Mtu mzima akienda safari hiyo hiyo kwa pikipiki atatozwa mara tatu au zaidi ya hiyo. Pikipiki yenyewe si yake. Ameichukua kwa mkopo, na kila siku ya Mungu hutakiwa kupeleka mamia kadhaa ya shilingi, iwe mvua iwe jua, na asipopeleka huchukuliwa. Mwezi wa Septemba mwaka 2023, petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita hapa Mombasa, hakuna mzazi hata mmoja aliyemwongeza senti. "Nikimchukua mmoja kwa thelathini na nne, Mzee, nitakuwa namlipia mimi shule."

Sikuwa na jibu. Mtoto wa kwanza kwenye pikipiki tulimpakia sisi. Wa pili, wa tatu na wa nne walipakiwa na bei yetu. Tulikuwa tukijua, au tungeweza kujua kama tungekaa na kalamu kwa dakika moja, kwamba shilingi 34 hazimchukui mtoto mmoja kilomita sita. Tulipendelea kutoikaa hiyo dakika.

Sheria ipo, na iko wazi. Sheria ya Trafiki ya Kenya, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2012, inasema pikipiki ichukue abiria mmoja, na wote wawili, mwendeshaji na abiria, wavae helmeti na koti la kung'aa. Mwaka huo huo iliundwa NTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani. Basi sheria tunayo, na mamlaka tunayo, na kila asubuhi askari wa trafiki wanaona watoto watatu na wanne wakipita mbele yao na sare za shule. Mara nyingine askari husimamisha pikipiki. Akiisimamisha, watoto watateremka, na hapo yeye ndiye atakuwa na watoto wanne kando ya barabara kuu na kengele ya shule inakaribia. Nadhani ndiyo maana huzitazama zikapita. Simtetei, namweleza tu.

Pikipiki hizi hazikutushukia kutoka mbinguni. Jina boda boda lilizaliwa mpakani Busia, kwenye baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Baiskeli zikawa pikipiki, na mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sisi 250, zikaingia kwa wingi kutoka India na China. Vijana waliokuwa wakikaa vibarazani bila kazi wakapata kazi. Hilo ni jema, na mtu yeyote anayesema pikipiki zote ziondolewe aniambie vijana hao watakwenda wapi. Kila mara nchi hii inapozungumza juu ya boda boda huzungumza kwa hasira. Mwezi wa Machi 2022 mwanamke mmoja mwanadiplomasia alishambuliwa na waendeshaji jijini Nairobi; ukaamriwa msako wa nchi nzima, na baada ya siku chache msako ukasitishwa. Mwaka 2023 Seneti ikaletewa mswada wa kutaka waendeshaji wasajiliwe na kupewa mafunzo. Yote hayo yanamtazama kijana na chombo chake. Mimi sikusikia, katika mabishano yale, mtu akiuliza kwa nini mtoto wa miaka mitano anahitaji kusafiri kilomita sita ili ajue kuandika herufi a.

Na swali hilo, ndugu zangu Waislamu wa mwambao, linatugusa sisi zaidi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwezi wa Januari mwaka 2003, watoto waliosoma shule za msingi nchini waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Madarasa yalijaa, na wazazi wengi wenye uwezo kidogo wakawahamisha wao kwenda shule za kulipia. Kwetu kukawa na sababu nyingine, tena nzuri: shule zinazochanganya masomo ya serikali na ya dini chini ya paa moja. Mzazi alifurahi kwamba mtoto hatakimbia tena kutoka shule kwenda chuo na kurudi usiku amechoka. Tuliokoa safari ya jioni. Lakini shule ya namna hiyo haiko kila mtaa, basi tukairefusha safari ya asubuhi. Shule ya serikali iliyo hatua mia tatu kutoka kwa mwanangu, ambayo mtoto angeweza kuifikia kwa miguu bila kukanyaga lami, tunaipita kila siku kwa pikipiki. Sisemi mwanangu alikosea. Nasema umbali ule ni wetu. Hatukupangiwa na mtu.

Kisha kuna saa. Kanuni za elimu za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na yaishe saa tisa na nusu. Shule ya wajukuu wangu, ambayo sitaitaja, inataka watoto wawe ndani saa moja. Kwa hiyo wanatoka giza halijaisha kuondoka, hasa miezi ya Juni na Julai, miezi ambayo pwani yetu hunyesha na barabara huteleza. Saa moja hiyo inayoibwa na shule inalipwa barabarani.

Nirudi kwenye picha ya London, kwa sababu mtu anaweza kuitazama akasema, "Ah, wenzetu wameendelea, wana helmeti." Helmeti ni kitu, sikatai. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa kwa wapanda pikipiki hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini nilimpigia simu binti yangu nikamwuliza mambo mengine. Shule iko wapi? Dakika nane kwa miguu. Kwa nini mliichagua hiyo? "Baba, hatukuichagua sana. Huku shule nyingi za serikali, zikijaa, hutazama nani anakaa karibu." Skuta anaiendesha wapi? Njia ya waendao kwa miguu, iliyoinuliwa, magari hayaipandi. Na mbele ya shule? Barabara hufungwa asubuhi na alasiri, magari hayapiti mpaka watoto waingie. Jambo hilo limeenea katika mitaa mingi ya London, hasa tangu mwaka 2020. Na skuta zile za umeme, ambazo vijana wa huko wanazinunua kwa wingi, za watu binafsi haziruhusiwi na sheria ya Uingereza barabarani wala kwenye njia za miguu, ingawa wanazipanda vivyo hivyo. Kwao pia kuna watoto wa watu wanaovunja sheria.

Basi kilichomlinda mjukuu wangu wa London si utajiri wa skuta. Skuta ile ni mchezo wa mtoto. Kilichomlinda ni kuwa shule iko karibu, njia ni yake, na mamake yuko hatua tano nyuma. Ukimchukua mtoto yule yule na skuta yake na helmeti yake ya samawati ukamweka kwenye barabara ya Kisauni saa kumi na mbili na nusu, hafiki darajani.

Tena hatuna haja ya kwenda London kuyaona hayo. Mambo mawili ya kwanza Lamu yapo. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kurudi nyuma. Hapo bado utaona watoto wakienda shule na chuo kwa miguu, mafungu mafungu, wakipita chini ya madirisha ya watu wanaowajua. Waendesha boda boda wamejaribu kuingia, na wazee wa mji wamekuwa wakipambana nao na kuitaka serikali ya kaunti iwatoe. Wageni hudhani wazee wale wanapigania mawe na milango ya nakshi kwa ajili ya watalii. Mimi nadhani wanapigania njia ya watoto pia, hata kama hawakuiandika kwenye barua zao.

Mombasa si Lamu, najua. Kisauni haitajengwa upya. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi, duniani kote, watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Na hapa Kenya mwaka 2023 peke yake waliokufa barabarani walizidi 4,000. Mzee mmoja wa Kisauni hawezi kuyasimamisha hayo. Lakini mguu wa mjukuu wangu naweza.

Tukakutana, wazazi wa nyumba tatu zenye watoto kwenye pikipiki ile, barazani kwetu baada ya isha. Nikawaonyesha hesabu ya shilingi 34. Baba wa msichana wa nyumba ya pili alisema kwanza tumfukuze kijana. Nikamwuliza jina la yule atakayemleta badala yake, akanyamaza. Tuliyoyajadili yalikuwa mengi, mengine hayana maana hapa. Mwisho tukapata tuktuk. Mwenyewe ni mtu mzima wa Mishomoroni, tunamjua kwa jina lake na la babake, na mkewe amesoma na dada wa mke wa mwanangu. Nilimtazama usoni nikamwambia, "Watoto hawa ni amana," akasema, "Nimeipokea." Lakini alitaka shilingi 9,000 kwa mwezi kwa watoto watatu, yaani elfu tatu kwa kila mmoja, mara mbili ya tuliyokuwa tukilipa. Mwanangu alipakubali kwa shida. Wa nyumba ya pili akakubali baada ya siku mbili.

Mtoto wa nne, yule mdogo wa kwenye tangi, mamake anakaanga mahamri alfajiri na kumlea peke yake. Elfu tatu hana. Alisema hayo kwa sauti ndogo, macho yakitazama mkeka. Mmoja wetu akasema labda mtoto akae katikati, ni mdogo, hatachukua nafasi. Mwingine, na ninamjua kwa kuwa alikuwa ni mimi, akasema tuktuk imeruhusiwa abiria watatu nyuma, na sheria ni sheria. Mwaka mzima sheria ya abiria mmoja hatukuikumbuka hata siku moja. Usiku ule niliikumbuka ya watatu upesi sana. Hakuna aliyenibishia. Mama yule akaaga, akasema ana unga wa kukanda.

Mguu wa mjukuu wangu umepona. Limebaki kovu jeusi. Tuktuk huja saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kijana wa pikipiki sikumwonea, nilimwita nikamweleza, na nikamwuliza jina lake, akanitajia lote mpaka la babu yake. Amepata watoto wengine wa nyuma kujaza nafasi, na wa mbele ni yule yule. Nimekwisha kwenda kwa yule mama mara mbili kutaka tuigawane ile elfu tatu, mara ya kwanza akakataa kwa haya, mara ya pili akasema atafikiri. Nitakwenda tena Ijumaa.

Kwa sasa hupita mbele ya baraza yangu kila asubuhi, juu ya tangi. Mtoto ana adabu. Akiniona tu hutoa mkono mmoja kwenye usukani akaunyanyua juu kuniamkia, "Shikamoo Babu!" Kwa hiyo nikisikia mlio wa ile pikipiki unakuja, huinuka nikaingia ndani mpaka ipite.